Saga Juu ya Paa la Mama Tabby

Majani yalikuwa yameanza kuungua kutoka pembeni, na Akoth aliyatazama kwa hasira ya mtu ambaye amefanya kila kitu sawasawa. Aliinama, akashika jani moja la saga, lile jani la vidole vitano ambalo kila mla mboga chungu wa Nairobi analijua, akaligeuza. Chini hapakuwa na mdudu. Hapakuwa na utando wala yai wala kitu chochote cha kulaumiwa. Kingo tu ndizo zilizokuwa za kahawia, zimejikunja na kukauka kama ukingo wa chapati iliyosahauliwa mekoni.

"Kila siku nakubebea chakula," aliuambia mmea, "na bado unaninunia."

Chakula chenyewe kilikuwa kwenye mtungi wa lita kumi aliokuwa ameubeba kichwani, akitembea kwa miguu kutoka kijiji cha Raila kule Kibera hadi Kawangware 56. Akoth alikuwa mkaangaji wa mgongo wazi pale Sarang'ombe, huko huko Kibera, ile mifupa ya samaki inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Kila jioni aliiloweka mifupa yake kwenye maji ya chumvi ili isilegee, na asubuhi yakabaki maji mazito ya kijivu, yamejaa magamba na vipande vya nyama. Wenzake waliyamwaga mtaroni. Yeye aliona ni dhambi. Kwao, kando ya ziwa, matumbo ya samaki yalifukiwa shambani na mahindi yakapita vichwa vya watu. Basi akajitwika. Makanga wawili wa matatu walimfukuza kwa sababu ya harufu, wa tatu akamwambia alipie viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mtungi, na tangu hapo akawa anatembea tu.

Na alitembea kwa furaha. Daktari wa kliniki alikuwa amemsikiliza kifua na kumwambia wazi kwamba moshi wa mekoni utammaliza, atafute kazi nyingine. Madaktari husema tafuta kazi nyingine kama vile kazi ziko rafuni zimepangwa. Lakini Akoth alikuwa ameipata: magunia ya saga yaliyojazwa udongo na mbolea ya mbuzi, kokoto katikati za kupitisha maji, miche imechomekwa juu na pembeni kote. Kibera hakukuwa na nafasi hata ya kuweka beseni. Paa la ploti ya Wangoi, jumba la kupangisha pale Kawangware, lilikuwa tupu, tambarare, lina jua na ukuta pande zote.

Wangoi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tabby, alikuwa amempa paa lile bure. Bure ya Mama Tabby ilikuwa na kazi zake, na alimwagiza Akoth akimwita kwa jina la mtoto wake. Leo, Mama Adhis, ukishuka nifagilie ngazi. Kesho, nipitishie hizi nguo kwa maji. Kesho kutwa, kuna mgeni, na wewe unajua kuparua samaki. Akoth alifagia, akafua, akaparua, akasema asante. Magunia yalikuwa yake, na hilo lilimtosha.

Aliinua mtungi, akaanza kumimina.

*

Siku hiyo ndipo Kagiri alipopanda juu akiwa na utepe wa kupimia. Kagiri alikuwa mdogo wake Wangoi, mtu wa makamo mwenye mipango mingi na isiyoiva. Mpango wake wa sasa ulikuwa kuezeka mabati juu ya lile paa na kuweka meza ya pool.

"Niaje, Mama Adhis. Hii ni nini umepanda huku?"

"Unajua ni nini. Ni saga."

"Saga mimi naijua. Saga ni kitu ya kijani." Alichuma jani lililojikunja, akalinusa, akalitazama juani kwa makini ya kuigiza. "Hii imekauka hivi, imejipinda hivi, vidole tano. Mimi naona ni kitu ya kuvuta."

"Kagiri, wacha mchezo."

"Sichezi, mama. Mimi nauliza tu."

Alitoa simu, akapiga picha. Kabla Akoth hajafika ghorofa ya chini, picha ilikuwa tayari kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na maneno chini yake: Wapangaji, mnajua nini inapandwa juu ya vichwa zenu? Kufikia mchana ilikuwa imevuka ploti, ikafika kwa akina mama wa chama cha Wangoi cha kuwekeana akiba.

Wangoi alimwita mlangoni kwake. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, alikuwa wa kusema polepole, na hilo lilitisha zaidi.

"Mama Adhis, mimi nimekula saga kabla wewe hujazaliwa. Sitaki unielezee saga. Lakini shika hii simu, angalia hiyo picha, na uniambie ukweli. Inakaa kama nini?"

Akoth alitazama. Aliyapenda magunia yale kuliko alivyopenda vitu vingi duniani, lakini picha ni picha.

"Inakaa kama bangi," alikubali.

"Asante. Sasa nisikize. Jumamosi, wiki tatu zijazo, chama yangu inakuja hapa. Niliwaambia, kwa mdomo wangu huu, niko na shamba juu ya nyumba. Sasa wameanza kunitumia vikatuni vya kucheka. Wanasema wanakuja kuona bangi ya Mama Tabby. Mimi sichekwi kwa nyumba yangu. Hiyo siku nikiwapeleka juu, nataka waone mboga. Wakiona hiyo takataka, Kagiri ataweka meza yake Jumamosi hiyo hiyo, na wewe utabeba magunia yako."

"Nitaiponya, Mama Tabby."

"Sitaki maneno. Nataka kijani."

Akoth aliporudi Raila aliketi kitandani bila kuvua viatu. Kuyabeba magunia yale kwenda wapi? Udongo wote ule, hadi nyumba ya mabati ambamo watu wazima wawili na mtoto hugeuka kwa zamu? Kupoteza paa kulikuwa ni kurudi kwenye moshi, na mwili wake uliujua moshi. Aliogopa kwelikweli.

*

Oloo, mume wake, alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa ujenzi, na mwenye maoni juu ya kila kitu. Jumapili alienda naye Kawangware, akayazunguka magunia mikono nyuma, kama mhandisi aliyekuja kukagua nguzo.

"Angalia majani ya chini, imekuwa njano," alisema. "Hii ni njaa. Mtu akiwa na njaa unampatia chakula. Ongeza hiyo maji ya samaki."

"Nimekuwa nikiongeza."

"Ongeza vizuri."

Akoth akaongeza vizuri. Akabeba mitungi miwili badala ya mmoja, akitembea huku shingo ikimuuma. Kwa kuwa mama yake alitumia majivu dhidi ya wadudu, akanyunyiza na majivu pia, ingawa mdudu hakuonekana. Kwa kuwa Ambrose, mlinzi wa ploti, alisema ni jua kali, wakatandika gunia kuukuu juu ya kamba kama paa dogo. Kila dawa ilikuwa na sababu yake nzuri, na ndiyo maana ilimtia wazimu. Saga zikazidi kuungua. Zikaanza hata kutoa maua kabla ya wakati, vimaua vidogo vyeupe juu ya vijiti vilivyokonda, na kila mkulima anajua kwamba mboga inayokimbilia kuzaa mapema inaona kifo.

Jumanne ya wiki ya pili, asubuhi, Ambrose alimkuta amechutama, mkono ndani ya gunia.

"Ni kiu tu, mama," alisema Ambrose kwa upole. Alikuwa Mluhya mrefu, mwenye huruma nyingi na asiyependa haraka. "Si unaona vile imelala? Imechoka."

"Ambrose, weka kidole hapa."

Ambrose akaweka.

"Iko maji," alisema kwa mshangao.

"Iko maji hadi chini. Sasa mmea unaweza kuwa na kiu ndani ya matope?"

Walitazamana. Ndipo Akoth, kwa mara ya kwanza tangu majani yaanze kuungua, alipoacha kuleta dawa na kuanza kuuliza. Alisimama, akayatazama magunia yote kwa pamoja. Yote yalikuwa na ugonjwa uleule, isipokuwa moja.

Gunia hilo lilikuwa nyuma ya tanki, limebanwa kati ya tanki na ukuta. Alilisukuma kule siku ya kwanza kwa kukosa nafasi, akalisahau. Mtungi haukupita pale. Lilikuwa likinywa tone kwa tone kutoka kwenye nati ya tanki iliyolegea, na saga yake ilikuwa kijani kibichi, nene, ya kuchumwa.

"Hiyo ni kivuli imeisaidia," alisema Ambrose.

"Na lile la kule pembeni ya ngazi? Si liko kivulini pia?"

Lilikuwa kivulini, na lilikuwa limeungua kuliko yote.

Akoth alirudi kwenye gunia la kwanza akaliangalia uso wake, pale juu udongo ulipokauka. Kulikuwa na utando mweupe, mgumu. Alidhani ni majivu yake, lakini majivu ni ya kijivu na hupeperuka. Huu ulishika. Aliukwangua kwa ukucha, na bila kufikiri, kwa mazoea ya mtu ambaye kila siku huchovya kidole kwenye sufuria na kujua kimepungua nini, akautia ulimini.

Akabaki hivyo, kidole mdomoni.

"Mama Adhis?" Ambrose aliita.

Akoth alipiga magoti chini ya gunia la pili, pale maji yalipochuruzika na kuacha alama sakafuni, akachovya, akaonja. Akaenda la tatu. Akaenda la pembeni ya ngazi, akatema. Kisha akajipenyeza nyuma ya tanki, akachovya chini ya gunia lile la kijani, akaonja. Lilikuwa na ladha ya udongo tu.

"Ni chumvi," alisema. "Ambrose, ni chumvi. Chumvi ya samaki. Nimekuwa nikibeba chumvi kichwani kutoka Raila, kila siku, nakuja kuzimwagia. Samaki ni mbolea, ndio, lakini chumvi inazinyima maji. Ndiyo maana zina kiu ndani ya matope."

Alicheka kwanza. Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu aibu ikampanda hadi masikio yakawaka moto, kwa sababu alikumbuka zile asubuhi zote, shingo, makanga, harufu, na jinsi alivyojisifu kwa wenzake kwamba yeye hapotezi kitu. Ni yeye aliyekuwa akiziua, na aliziua kwa bidii. Lakini furaha ilirudi ikaizidi aibu. Ugonjwa ulikuwa na jina sasa. Akoth alikuwa mpishi, na mpishi anajua chakula kikizidi chumvi unafanya nini.

Unaongeza maji.

*

"Kwa hivyo ni wewe umeziua," Wangoi alisema mlangoni, akiitazama ile ngozi nyeupe ya udongo kwenye kiganja cha Akoth.

"Ni mimi."

"Si jua, si wadudu, si Kagiri."

"Ni mimi, Mama Tabby. Onja uone."

"Sionji udongo." Lakini alikuwa ameinama karibu zaidi kuliko alivyotaka kuonekana. "Na sasa unataka?"

"Maji safi. Mingi. Natoboa magunia chini, namwaga juu, chumvi inatoka na maji. Namwaga mpaka ile inatoka chini haina ladha."

"Maji ya tanki ni ya wapangaji. Ukitoa ndoo moja, yule mtu wa ghorofa ya tatu atanipigia simu mpaka usiku."

Akoth alilitarajia hilo, na alikuwa amelifikiria akishuka ngazi.

"Basi ile inamwagika."

Ploti nzima iliijua ile inayomwagika. Maji ya bomba yalikuja Alhamisi, na tanki lilipojaa yalifurika kupitia bomba la juu hadi mtaroni, kwa sababu boya la ndani lilikufa zamani na kazi ya kufunga koki ilikuwa ya Ambrose. Ambrose hakuwahi kuifunga kwa wakati tangu aajiriwe.

Mwenye ploti yeyote huumia akikumbushwa kinachomwagika kwake.

"Ile ikishatoka kwa bomba ni ya mtaro," Wangoi alisema. "Ukiiwahi ni yako. Lakini koki ikifungwa, imefungwa. Sitaki mtu aniambie nimeruhusu."

*

Alhamisi Oloo hakwenda mjengo. Akoth hakumwomba. Aliamka tu akamwona mume wake amevaa suruali ya kazi na ameshika msumari mkubwa wa mbao.

"Nani atatoboa hayo magunia, wewe?" alisema Oloo. "Na ni mimi nilisema zina njaa."

Walifika mapema. Oloo akatoboa magunia chini kuzunguka kote. Akoth akakwangua utando mweupe, akautia kwenye mfuko wa kutupwa, akakata majani yaliyoungua na kubana vile vimaua vyote kwa kucha, kimoja kimoja, ili nguvu irudi kwenye majani. Saga zilibaki uchi kabisa, vijiti vyenye matumaini machache juu. Zilionekana vibaya kuliko wakati wowote, na Akoth alijilazimisha asizitazame sana.

Kisha bomba likakohoa. Ambrose akainua kidole. Maji yakaanza kuingia tankini kwa kelele nzuri, na watatu wale wakangoja wameshika ndoo, kama watu wanaosubiri mlango wa arusi ufunguliwe. Tanki likajaa. Maji yakachungulia kwenye bomba la juu, yakasita, yakaruka.

"Haya!" Oloo alisema.

Wakakimbia. Ndoo moja ikijaa nyingine ilikuwa njiani, beseni likingoja, Ambrose akipokea na kupitisha, Oloo akimimina polepole katikati ya kokoto, Akoth chini ameinama akichovya kila kilichotoka. Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia, machafu, yakakimbilia mferejini. Aliyaonja akakunja uso. Ya pili yalikuwa afadhali. Alikuwa amelowa hadi kiunoni na hakuwahi kufurahi hivyo tangu mwaka uanze.

"Hii iko sawa," Oloo alitangaza, kidole mdomoni. "Twende ingine."

"Bado."

"Mimi naona iko sawa."

"Wewe hujui chumvi. Wewe huongeza chumvi kwa chakula yangu kabla hujaonja."

"Ambrose, onja wewe."

Ambrose alionja, akafumba macho, akafikiri. "Iko na chumvi ya mbali," alisema, na Akoth akasema mnaona, mwaga tena.

Gunia baada ya gunia likaachiliwa. Dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka, sauti ikauliza ni uchafu gani huo unapita kwa mfereji, na Oloo akajibu kwa heshima kubwa kwamba ni chumvi, bosi, na dirisha likafungwa. Yalikuwa yamebaki magunia matatu Kagiri alipotokea mlangoni mwa paa. Alimwona mlinzi wa ploti ya dada yake ana kidole mdomoni.

"Nini inaendelea hapa? Ambrose, tanki imejaa. Funga hiyo maji."

Maji yaliendelea kuruka. Ahadi ilikuwa hiyo, koki ikifungwa imefungwa. Akoth alimtazama Ambrose. Ambrose alitazama ndoo, akamtazama Kagiri, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Sawa, bosi," alisema.

Koki ilikuwa chini kabisa, karibu na geti. Ambrose alianza kushuka. Kwa muda mrefu walimsikia akishuka. Alibisha mlango wa ghorofa ya tatu akaomba radhi kwa ajili ya mfereji, na radhi yake ilikuwa ndefu. Ghorofa ya pili alimjulia hali mama mmoja, kisha watoto wake kwa majina, kisha mguu wake uliovunjika Krismasi. Alipofika chini alikumbuka kwamba ufunguo wa kijumba cha koki ameuacha ghorofa ya kwanza, akapanda kuufuata. Kagiri aliinama ukutani akimwita, "Ambrose, buda, harakisha," na Ambrose akamwitikia kwa adabu kila mara, "Nakuja, bosi, nakuja."

Juu, Akoth na Oloo waliendelea kumwaga. Gunia la mwisho lilikuwa lile la pembeni ya ngazi, sugu kuliko yote, na maji yake yalikuwa bado machungu kwa chumvi wakati bomba lilipoanza kupungua. Ndoo moja. Nusu ndoo. Akoth aliinama, akachovya, akaonja. Akaonja tena ili asijidanganye.

Udongo tu.

Bomba likatoa matone mawili, likanyamaza. Chini, Ambrose alikuwa amefunga koki.

*

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ila kungoja, na Akoth hakuwa mzuri wa kungoja. Alikaanga samaki wake pale Sarang'ombe huku moshi ukimkaba, akawaongezea wateja pilipili mara mbili. Maji ya kulowekea aliyamwaga mtaroni kama watu wengine, na mara ya kwanza aligeuza uso asione. Asubuhi alitembea hadi Kawangware mikono mitupu, kichwa chepesi mno, akazitazama saga, akarudi. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu alikuwa na homa ya kifua akashindwa kwenda.

Siku iliyofuata, kabla hajanyanyuka kitandani, simu ililia. Ilikuwa ni Ambrose.

"Mama Adhis, kuja."

"Kumekuwaje?"

"Wewe kuja tu."

Alienda nusu anatembea nusu anakimbia, amejifunga leso, kifua kikipiga filimbi, akijiambia kila aina ya ubaya. Kagiri ameyatupa magunia. Paka wameyararua. Alipanda ngazi zote bila kupumzika, akamkuta Ambrose amesimama katikati ya magunia, meno yote nje.

Kwenye vifundo vya kila kijiti, pale alipokata, kulikuwa na vidole vitano vidogo vimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Vilikuwa vya kijani. Kijani kabisa, hadi ukingoni.

Akoth aliketi sakafuni akalia, na Ambrose akaangalia pembeni kwa heshima.

*

Jumamosi akina mama wa chama walipanda ngazi kwa mashati yao ya rangi moja, wakihema na kutaniana. Mwenyekiti wao, Mama Jackie, alikuwa mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza kanisa. Chini, kando ya geti, fundi wa Kagiri alikuwa ameketi juu ya mabati akingoja kuitwa.

"Haya, Mama Tabby," alisema Mama Jackie alipofika juu, "bangi iko wapi? Nimekuja na kiberiti."

Wote wakaangua kicheko. Wangoi hakucheka. Alikuwa akimtazama Akoth, na macho yake yalisema sasa ni wewe.

Saga hazikuwa kubwa. Akoth hakuwadanganya watu wala hakujidanganya mwenyewe, hazikutosha sufuria. Lakini kila gunia lilikuwa na majani mapya pande zote, laini, yameinua vidole juani, na hakuna mtu aliyezaliwa na mama mla mboga ambaye angeyaita kitu kingine.

"Ni saga," alisema. "Leo siwezi kuwapikia, nikichuma zote zitachoka tena. Lakini kila mtu jani moja."

Akachuma, akagawa. Mama Jackie akatafuna jani bichi, akakunja uso kwa uchungu wake, akatafuna tena.

"Hii ni saga," akatangaza, na jambo la bangi likaishia hapo. Kisha akashusha sauti, ingawa kwake ilikuwa bado kubwa. "Sasa mbona kwa picha ilikuwa imeungua? Mimi pia niko na magunia nyuma ya nyumba, inaungua hivyo hivyo. Nimeweka dawa ya wadudu mpaka nimechoka."

Akoth angeweza kusema ni ugonjwa, ni hali ya hewa. Alimwona Wangoi anasubiri kusikia atasema nini.

"Ilikuwa chumvi. Mimi ndiye niliweka, na maji ya samaki. Wewe unamwagilia nini?"

"Ile maji ya kuchemshia mahindi na maharagwe ya githeri. Si imebaki na nguvu?"

"Na chumvi unaweka ukichemsha?"

Mama Jackie akajishika kichwa.

"Nenda uonje ile inatoka chini ya gunia," alisema Akoth. "Ulimi utakuambia. Angalia, hii yangu sasa ni safi." Akamwagia gunia kikombe cha maji, akachovya, akaonyesha. Mama Jackie akashika goti, akainama kwa kuugua, akachovya kidole chenye pete. Wa pili akataka kujua. Wa tatu akasema yake huwa anamwagilia maji ya kufulia, hiyo nayo je, na wote wakaanza kuuliza kwa pamoja, wameinama, wamesahau mashati yao, vidole midomoni. Kagiri alipopanda kuuliza kama fundi aanze kazi, aliwakuta hivyo. Hakuna aliyemwona isipokuwa dada yake.

"Peleka hayo mabati nyumbani," Wangoi alimwambia, polepole.

Wenzake waliposhuka kwenda kunywa chai, Mama Jackie akiwa ameshaandika namba ya Akoth kwenye simu na kumwagiza aje Jumatatu kuangalia magunia yake, kwa malipo, Wangoi alibaki nyuma. Alilizunguka gunia moja, akaligusa.

"Mama Adhis, hii paa nilikupatia bure."

"Ndio, Mama Tabby. Na nashukuru."

"Bure imeisha. Kuanzia mwezi ujao utalipa rent kama mtu yeyote wa hii ploti. Elfu tatu. Utakuwa unapewa risiti."

Akoth alishika ukingo wa tanki. Mtu mwingine angesikia hasara, lakini yeye alisikia neno risiti, na moyo wake ulipaa. Mwenye risiti haondolewi kwa sababu ya meza ya pool. Mwenye risiti hafagii ngazi za watu na kusema asante. Hakuna mtu Kawangware aliyewahi kumtaka awe mpangaji, na sasa mwenye ploti mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake anamtajia bei. Alitaka kumkumbatia. Badala yake alikaza uso, akatazama magunia, akatazama mbingu, akachukua muda wake.

"Elfu tatu ni mingi, Mama Tabby," alisema. "Shuka kidogo."

Wangoi akapindua ndoo, akaiketia.

"Wewe ulikuwa unafikiria ngapi?"

Akoth akavuta ndoo nyingine, akaketi mbele yake.